Deni la Aliye Hai

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mzee wa ukoo husimama mbele ya waliokuja kuzika na kusema maneno ambayo kila mtu wa pwani anayajua: kama kuna anayemdai marehemu, aje aonane na familia, na kama kuna ambaye marehemu alikuwa akimdai, naye ajitokeze. Hutajwa mtu wa kuonana naye, na mara nyingine hutajwa na siku. Sharia ya Kiislamu inataka deni litolewe katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana hata kijiko. Sheria ya nchi nayo inamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama akusanye mali, alipe wadai, ndipo agawe kinachobaki.

Kwa hiyo maiti wa Kaole ana msemaji, ana mashahidi, ana utaratibu na ana mtu wa kulisimamia deni lake. Aliye hai hana. Aliye hai huzima simu. Hupita njia ya nyuma, upande wa mikoko, asikutane na mwenye duka. Huaga nyumbani kwamba anakwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na miezi ikapita bila kurudi, huku mkewe akibaki kumjibu afisa mikopo aliyeketi barazani tangu asubuhi. Nimeandika makala hii kwa ajili ya huyo aliye hai. Msaada wa kitaalamu upo, sheria ipo, na deni linaloonekana halina mlango linaweza kuwekwa kwenye karatasi, likagawanywa kwa tarehe na likalipika.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Wageni huijua kwa magofu yake, yaani msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Wenyeji huijua kwa minazi, kwa bahari, na kwa chuo cha uvuvi cha Mbegani kilicho jirani. Ukiendelea kusini unafika Mlingotini, kwenye wanawake wanaolima mwani. Ni nchi ya watu wanaopata fedha kwa majira, na hapo ndipo shida ya mikopo ya leo inapoanzia.

Pepo za kusi zikishika, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo hushinda ufukweni siku nyingi. Mvuvi wa dagaa anayetumia taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu anakaa nchi kavu akishona nyavu. Mkulima wa mwani hushuka shambani bamvua, maji yanapotoka mbali, na tangu kufunga mbegu hadi kuvuna hupita kama wiki 6. Sasa mpe mtu huyo mkopo wa rejesho la kila wiki, linaloanza wiki ile ile aliyopokea fedha. Rejesho la Jumatatu halijui bamvua. Wiki ya kwanza atalipa kutoka kwenye mkopo wenyewe, wiki ya pili atamkopa shemeji, wiki ya tano ataingia kwa mkopeshaji wa mtaani ili kumlipa mkopeshaji wa ofisini. Wakati huo bado hajanunua ile nyavu aliyokopea.

Mkopeshaji wa mtaani ndiye watu waliyempachika jina la "kausha damu". Tuhesabu. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wenye leseni wasiopokea amana, ambao wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa mkopo wa shilingi 500,000, riba ya namna hiyo ni 17,500 kwa mwezi, na kwa miezi 6 ni 105,000. Anayetoza asilimia 30 kwa mwezi anachukua 150,000 kila mwezi. Baada ya miezi 6 amekula 900,000 za riba, na zile 500,000 za mwanzo bado anazidai. Mchuuzi wa samaki anayebeba ndoo kutoka sokoni hana biashara ya kuzalisha fedha kiasi hicho. Hakuna uvivu wala ukosefu wa uaminifu hapo. Ni hesabu isiyowezekana, na mtu anaadhibiwa kwa kutoiweza.

Kudaiana si jambo geni katika pwani hii. Bagamoyo yenyewe ilisimama juu ya mali kauli. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilivyobebwa na misafara kwenda bara vilichukuliwa kwa deni, na kulipwa kwa pembe za ndovu baada ya mwaka au miaka. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alisafiri kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Unguja. Hapa Bagamoyo alikuwepo Sewa Haji Paroo, aliyewapatia wasafiri bidhaa na wapagazi. Msafiri Stanley alifanya naye biashara mwaka 1871 na akaondoka akinung'unika kitabuni. Wakati ule mkopeshaji alijua kwamba msafara haurudi kwa wiki. Alisubiri, kwa faida nono, lakini alisubiri kwa kadiri ya safari yenyewe.

Ng'ambo ya mkondo, Unguja na Pemba, madeni ya wenye mashamba ya mikarafuu yalifika mahali pa kuitingisha serikali. Mwaka 1933 wachunguzi Bartlett na Last walitoa taarifa yao kuhusu madeni ya wakulima. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikazuia mashamba kuhamishwa ovyo kwenda mikononi mwa wadai. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakidai wakapinga, na mgogoro ukafikia mgomo wa kutonunua karafuu mwaka 1937 na 1938. Mwaka huo wa 1938 ndipo ilipopitishwa sheria ya kusuluhisha madeni hayo. Siusifu utawala ule, uliokuwa na maslahi yake katika karafuu. Ninachokitazama ni kwamba hata wao waliona deni la mkulima halimalizwi kwa kumnyang'anya shamba, na kwamba lazima akae mtu wa tatu kati ya pande mbili, achunguze kinachodaiwa kwa haki na apange namna ya kukilipa.

Mtu huyo wa tatu ametajwa zamani kuliko hapo. Waumini wa Kaole wanaijua Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na habari yake ni deni. Inaamuru deni liandikwe, liandikwe na mwandishi mwadilifu, mbele ya mashahidi. Anayedaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, na akiwa dhaifu au hawezi, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Aya ya pili kabla yake inataka mdaiwa aliyebanwa apewe muda hadi apate nafuu. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kumpeleka wakili kwenye deni ni kuleta uzungu katika mambo ya jirani na jirani. Sivyo. Mwandishi na msimamizi wako ndani ya dini yetu tangu mwanzo. Tulichopoteza ni desturi ya kuwaita.

Leo mtu huyo anapatikana wapi? Wa karibu kabisa ni msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani, wala hatakiwi kukutoza fedha, lakini kuandika barua, kupanga hesabu na kuita kikao ni kazi yake. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ndiko pa kuulizia. Kuna mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023. Kwa deni kubwa, au deni lililogusa nyumba, tafuta wakili kamili. Hakiki jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa senti, maana vishoka ni wengi na hupenda watu waliochanganyikiwa.

Ukikaa naye mezani, mtaalamu mzuri haanzi na hadithi. Anataka karatasi: mkataba, daftari la kikoba lenye mihuri ya hisa, risiti, ujumbe wa miamala ya simu tangu mkopo ulipoanza. Anachora safu: nani anadai, ulichukua kiasi gani, umelipa kiasi gani, unadaiwa nini leo. Mtu aliyekuwa akilala macho wazi miezi mingi huenda hajawahi kuziona namba zake zote kwenye ukurasa mmoja. Kisha linakuja swali gumu kuliko yote: kipato chako mwezi hadi mwezi, ukitoa chakula, ada, dawa, mafuta ya chombo na mgawo wa mabaharia, unabaki na nini? Mdaiwa mwenye aibu hutaja namba kubwa ili amridhishe anayemdai. Namba hiyo ndiyo itakayomrudisha mikokoni baada ya miezi miwili.

Tuchukue mfano wa mvuvi anayedaiwa shilingi 3,600,000: kampuni ya mikopo 1,800,000, duka lililomkopesha injini 900,000, kikoba 600,000, na mkopeshaji wa mtaani 300,000. Kampuni peke yake inataka 75,000 kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni 300,000. Kwenye hesabu ya kweli, katika miezi 6 mizuri anabakiwa na 240,000 kwa mwezi. Katika miezi 6 ya kusi anabakiwa na 60,000. Hawezi hata kuiridhisha kampuni, achilia mbali wengine watatu. Lakini kwa mwaka mzima ana 1,800,000. Wadai wakikubali kusimamisha riba na faini, na kila mmoja akapata kwa kadiri ya anachodai, basi mwezi mzuri kampuni inapokea 120,000, duka 60,000, kikoba 40,000 na mkopeshaji 20,000. Mwezi wa kusi wanapokea 30,000, 15,000, 10,000 na 5,000. Kwa miaka miwili deni lote limekwisha. Injini haikung'olewa, mtoto hakuacha shule, na hakuna aliyekimbilia dago.

Msomaji atauliza: kwa nini mdai akubali? Kwa sababu njia nyingine zina gharama zake. Kesi inataka ada na muda. Hata akishinda, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inazuia kukamatwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, isipokuwa kama aliiweka rehani. Nyavu iliyotumika, ikinadiwa na dalali, haileti fedha ya maana. Kifungo cha madai kipo, kinaweza kufika miezi 6, lakini anayedai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa, na mfungwa akitoka deni bado liko pale pale. Mkopeshaji mwenye akili anapoletewa barua ya mtaalamu yenye hesabu safi na ratiba inayoeleweka, anajua kwamba hiyo 120,000 ya kila mwezi ni bora kuliko hukumu iliyowekwa kabatini.

Wengi hukubali wakiandikiwa mapema. Hilo nalisisitiza. Barua iliyoandikwa kabla rejesho la kwanza halijakosekana inasomwa kwa jicho jema. Ile inayokuja baada ya mwaka wa kujificha inasomwa kwa jicho jingine kabisa.

Kuhusu karatasi yenyewe, kuna mambo ya kuyaangalia kwa makini. Sahihi ya kukiri deni ina nguvu. Kisheria madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na ukikiri kwa maandishi kabla muda huo haujaisha, saa inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo usisaini kiasi usichokihakiki. Iandikwe wazi kama riba imesimama au inaendelea, na ni nini kitatokea mwezi mmoja ukikosekana. Wadhamini waitwe. Sheria ya mikataba inaweza kumwachia huru mdhamini pale mdaiwa anapoongezewa muda bila ridhaa ya mdhamini, kwa hiyo mdai makini atataka nao wasaini. Na wao wana haki ya kujua, maana wengi walisaini mkopo wa kwanza kwa kumwonea haya mwenzao wa kikoba. Kama kesi imeshafunguliwa, makubaliano yapelekwe mahakamani yasajiliwe kuwa hukumu. Na kama mambo yameshindikana kabisa nje, hakimu ana uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu, lakini lazima aombwe, na aonyeshwe kipato.

Kuna karatasi moja ya kuikataa mchana kweupe: hati ya mauziano inayoletwa mahali pa mkataba wa mkopo. Mtu anakopa milioni mbili, anasainishwa kwamba ameuza kiwanja. Siku rejesho likikosekana, anaambiwa hakukopa, aliuza. Mkeo au mumeo anahusika hapa pia, kwa sababu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Benki iliyopewa rehani halali nayo haina ruhusa ya kuja na dalali asubuhi moja. Sheria ya Ardhi inataka ilani ya siku 60 kwanza, na huo ndio muda wa kumtafuta mtaalamu, siyo wa kutafuta mganga.

Wakopeshaji wanaoshikilia kadi ya benki ya mwalimu au mstaafu pamoja na namba yake ya siri wasihesabiwe kuwa wadai wa kawaida. Kadi ni ya kufungwa benki siku hiyo hiyo na kuombewa nyingine, ndipo mazungumzo yaanze. Mwaka 2020 taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, iliwarudishia wastaafu wa mikoa kadhaa fedha zilizochotwa kwa mikopo umiza ya aina hii. Wale wa kwenye simu nao, wanaotuma ujumbe wa kukudhalilisha kwa kila jina lililo kwenye kitabu chako cha simu, wana pa kushtakiwa: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Swali la kwanza la mtaalamu kwa mkopeshaji huwa ni leseni, na mara nyingi swali hilo peke yake hupunguza sauti.

Kwa mfanyabiashara mwenye deni zito upo mlango mkubwa zaidi, ambao wachache wanaujua. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, iliyotungwa mwaka 1930, inaruhusu mdaiwa kupendekeza mpango wa malipo kwa wadai wake wote. Wakiukubali walio wengi kwa idadi, wanaobeba robo tatu ya thamani ya deni, na mahakama ikauidhinisha, hata waliokataa wanafungwa nao. RITA ndiyo wakala wa serikali wenye jukumu la ufilisi. Tatizo ni kwamba mlango huo umejengwa kwa ajili ya watu wa mjini wenye vitabu vya hesabu. Kenya ilibadilisha sheria yake mwaka 2015 na kuweka humo hata utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya. Afrika Kusini ina washauri wa madeni waliosajiliwa chini ya Sheria ya Mikopo ya mwaka 2005, na mdaiwa anajua aende kwa nani.

Sisi tunaweza. Taifa lenyewe limewahi kuketi kwenye kiti cha mdaiwa: Tanzania ilikwenda mara kadhaa mbele ya wadai wa Klabu ya Paris ikiwa na wataalamu na majedwali yake, ikapangiwa muda upya, na Novemba 2001 ikafuzu kupata msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Hakuna aliyesema nchi imevunjiwa heshima. Heshima hiyo hiyo anaistahili mvuvi. Halmashauri inayotoa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo iliyosimama mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024, ingeweza kuweka dawati moja la ushauri wa madeni Bagamoyo, likiwa na msaidizi wa kisheria na mtu wa hesabu siku mbili kwa wiki. Gharama yake ni ndogo kuliko mikopo inayopotea kwa sababu mkopaji alikuwa tayari anadaiwa na watatu wengine na hakuna aliyemuuliza.

Hadi dawati hilo lije, anayetoka Kaole kwenda mjini kutafuta msaada abebe kila karatasi, hata iliyolowa, na aende na mwenza wake. Akishapata makubaliano, nakala moja ibaki nyumbani, moja kwa kila mdai, moja kwa msaidizi wa kisheria. Alipe kwa benki au kwa simu ili kila rejesho liache alama; akilazimika kulipa mkononi, asiondoke bila risiti yenye tarehe na kiasi kilichobaki. Na chombo kikiharibika, au mtoto akilazwa, na mwezi huo fedha haipo, amwandikie mdai kabla ya tarehe kufika, aeleze kilichotokea, ataje siku atakayolipa na kiasi atakachoweza, hata kama ni shilingi 5,000.